Mtoto Asiye na Jina Naye Ahesabiwe

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, na ninyi Warufiji wenzangu mliofunga maduka mapema hapa Kariakoo ili mfike,

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo nitaanza na hesabu. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 67 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulionyesha 43. Alhamdulillahi. Lakini tazameni mstari wa pili: waliokufa ndani ya mwezi wa kwanza walikuwa 25, kisha 24. Chandarua, chanjo na dawa ya malaria vimemwokoa anayetambaa. Mchanga tumemwacha nyuma.

Wengi wao huuawa na mambo matatu: kushindwa kupumua wanapozaliwa, kuzaliwa njiti, na maambukizi.

Dada yangu alijifungua nyumbani wakati wa masika, njia imekatika. Mtoto hakulia. Alizikwa asubuhi, bila jina, na hakuna daftari lililomwandika. Nilipompigia kumpa pole aliniuliza, "Kaka, watu wakiniuliza nina watoto wangapi, na yule nimtaje?" Sikuwa na jibu.

Mwaka uliofuata mke wangu alijifungua hapa mjini. Wetu naye hakulia. Mkunga alimkausha, akamsugua mgongo, akamwekea maski ndogo usoni na kubonyeza mfuko wa hewa. Dakika haijaisha, akalia. Leo yuko darasa la sita. Dua tuliomba sote wawili, mimi na dada. Kilichotofautiana ni kifaa, na mkono uliofundishwa kukitumia.

Ndugu zangu, Rufiji si mgeni wa jambo hili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, chini ya mradi wa TEHIP, halmashauri yetu ilianza kupanga fedha za afya kwa kufuata maradhi yanayoua zaidi. Katika miaka mitano hivi, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Fedha iliyoongezwa haikuwa nyingi. Ilipelekwa palipo na kifo.

Nasi tufanye hivyo. Mchango wa mwaka huu ununue mifuko ya hewa na maski za watoto wachanga kwa zahanati zetu, ulipie wakunga mafunzo ya kurudia kila mwaka, ununue vitenge vya kumfunga njiti kifuani kwa mama apate joto, na uweke akiba ya mafuta ya boti kwa wajawazito wa delta. Risiti zote mtaziona katika kijarida cha mwakani.

Na tununue madaftari, kila mtoto aandikwe, aliyelia na asiyelia.

Dada, umtaje. Tunaanza kuhesabu na wako.