Waridi la Jangwani na Chura wa Laga: Njia Mbili za Kungoja Mvua



Kiangazi kikikaza, viumbe viwili vya Turkana hungoja mvua, kila kimoja kwa njia yake.

Cha kwanza ni waridi la jangwani, ule mti mfupi wenye shina nene unaoota penye mawe. Shina hilo ndilo pipa lake la maji. Ukame ukizidi, mti hupukutisha majani ili maji yasipotee, na mara nyingi huchanua ukiwa hauna hata jani moja. Utomvu wake ni sumu inayodhuru moyo. Sehemu nyingi za Afrika, wawindaji waliupaka kwenye mishale.

Cha pili ni chura. Yeye hana shina nene kama hilo. Ngozi yake ni nyembamba, na maji huyafyonza kupitia ngozi hiyo hiyo. Wakati wa kiangazi hujificha ardhini penye unyevu. Maji yakishuka katika laga ya Tarach kule Kakuma, au Kawalase hapa Lodwar, hutoka, huita usiku na kutaga mayai kwenye madimbwi. Viluwiluwi sharti viote miguu kabla dimbwi halijakauka. Visipowahi, hufa.

Waridi hubeba akiba yake mwilini, hivyo laweza kustahimili msimu mbaya. Chura huitegemea laga. Oili chafu ya pikipiki, betri zilizokwisha na dawa ya kuogeshea mifugo zikitupwa kwenye mchanga mkavu, zitamfikia siku maji yatakapokuja.

Katika jambo hili, binadamu anafanana zaidi na chura. Akina mama huchimba visima kwenye mchanga wa laga, na humo watu na mbuzi hupata maji ya kunywa. Laga kavu si jaa la taka. Ni ghala la maji lililofunikwa mchanga.

Kwa hiyo, wakazi wanaombwa kutupa taka mahali palipotengwa, kuogesha mifugo mbali na laga na visima, na kuwakanya watoto wasichezee utomvu wa waridi.

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Anayezisikia kelele hizo usiku baada ya mvua na afurahi: laga bado ina uhai.