Kondo la Nyuma: Kulisubiri au Kuchoma Sindano?
Mada kwa wakunga na wahudumu wa afya wa wilaya za Karagwe na Kyerwa



Mada niliyopewa inagusa swali ambalo akina mama wenyewe wameanza kutuuliza kliniki. Mtoto akishatoka, tuliache kondo la nyuma litoke kwa wakati wake, au tumchome mama sindano ya oksitosini na kulitoa kwa mikono yetu? Anayeuliza anaweza kuwa mwalimu wa sekondari aliyesoma habari za uzazi wa asili, au bibi wa Kinyambo aliyezaa watoto wake wote nyumbani akiwa amechuchumaa na hakuona sindano. Wote wawili wanastahili jibu la kweli.

Nalitoa jibu langu mapema ili tulijadili. Kwa mama anayejifungulia Karagwe au Kyerwa leo, nashauri sindano. Hata hivyo, anayetaka kusubiri si mjinga wala mkaidi, na njia yake ina kanuni zake. Hatari kubwa naiona kwetu sisi watoa huduma, pale tunapochanganya njia mbili: sindano hatujachoma, kusubiri hatusubiri, na mkono tayari uko kwenye kitovu.

Mwili unavyofanya kazi

Mimba ikikomaa, damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi hufikia kati ya mililita 500 na 700 kwa dakika. Kondo likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Kinachoifunga ni nyuzi za misuli ya mfuko wenyewe, zilizopishana kuizunguka: mfuko ukijikaza, mishipa inabanwa, ukilegea, damu inamwagika. Mama mwenye mfuko uliolegea anaweza kufa ndani ya saa mbili.

Katika njia ya asili, oksitosini ya mama mwenyewe ndiyo inayokaza mfuko. Huongezeka anapomshika mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na mtoto anaponyonya. Hupungua mama akiogopa, akisikia baridi au akifokewa. Bibi zetu waliomfunika mzazi, wakakoka moto na kuwatoa nje wasiohusika walikuwa wakiilinda homoni hiyo bila kuijua kwa jina. Mkunga husubiri dalili: damu kidogo kuchuruzika ghafla, kitovu kurefuka, mfuko kupanda na kuwa wa mviringo na mgumu. Ndipo mama anachuchumaa na kulisukuma mwenyewe. Kusubiri hivyo kunaweza kuchukua hadi saa nzima.

Katika njia ya pili, mkunga hupapasa kwanza tumbo kuhakikisha hakuna pacha aliyebaki, kisha huchoma yuniti 10 za oksitosini ndani ya dakika moja tangu mtoto atoke. Kondo huwa limetoka ndani ya nusu saa, mara nyingi mapema zaidi. Hilo la pacha nalisisitiza kwa sababu katika zahanati zetu nyingi mama hufika siku ya uchungu bila kuwahi kupimwa kwa utrasaundi.

Ushahidi unasemaje

Ulinganisho unaotajwa zaidi ulifanyika Uingereza. Bristol, katika matokeo yaliyochapishwa 1988, waliopoteza damu kuanzia mililita 500 walikuwa asilimia 5.9 kwa waliopewa dawa na asilimia 17.9 kwa waliosubiri. Wakosoaji walisema wakunga wa Bristol hawakuizoea njia ya kusubiri, na hoja yao ilikuwa ya haki. Utafiti ukarudiwa Hinchingbrooke, mahali ambapo wakunga walizizoea njia zote mbili, na matokeo yake yakachapishwa 1998: asilimia 6.8 kwa 16.5. Tofauti ilibaki karibu ile ile.

Anayetaka kusubiri naye ana hoja, na tusimfiche. Kwa mwanamke mwenye afya njema, asiye na dalili yoyote ya hatari, haijathibitika wazi kwamba dawa inapunguza ule upotevu mkubwa wa kupita lita moja. Ergometrini, iliyotumiwa katika tafiti hizo mbili ikiwa imechanganywa na oksitosini, huleta kutapika na kupandisha shinikizo la damu. Na utaratibu wa zamani ulikuwa na kosa la kweli: kitovu kilibanwa mara tu mtoto alipotoka, akanyimwa mililita 80 hadi 100 za damu yake mwenyewe. Katika mkoa wenye malaria nyingi kama Kagera, damu hiyo ni akiba ya madini ya chuma ya miezi ya mwanzo ya maisha.

Kosa hilo limerekebishwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2012 unataka kitovu kibanwe kati ya dakika ya kwanza na ya tatu, na sindano inaweza kuchomwa huku kitovu bado kinapiga. Mwongozo huo huo haupendekezi tena kukandakanda tumbo mfululizo kwa mama aliyekwishapata oksitosini. Inatosha kumpapasa mara kwa mara kujua kama mfuko ni mgumu. Kuhusu kuvuta kitovu, utafiti uliochapishwa mwaka huo, uliohusisha zaidi ya wanawake 24,000 katika nchi nane zikiwamo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba kutokuvuta kunabadilisha kidogo sana kiwango cha damu nyingi inayopotea. Kazi kubwa inafanywa na dawa. Kwa hiyo mama anayeniambia, "Nesi, sindano sawa, lakini usinivute," ameomba jambo ninaloweza kumpa bila wasiwasi.

Tunapochanganya

Mwaka 2005 ulifanyika uchunguzi wa kitaifa katika hospitali zetu za Tanzania, na uzazi 251 ukaangaliwa kwa macho. Uliohudumiwa sawasawa kwa vipimo vya wakati ule ulikuwa asilimia 7 tu. Tatizo kubwa halikuwa kukosekana kwa dawa. Ilichomwa ikiwa imechelewa, kondo likiwa limeshatoka.

Miaka imepita na mafunzo yamekuwa mengi, lakini kila mmoja wetu ajiulize kuhusu usiku ambao yuko peke yake zamu, mtoto hakulia vizuri na mikono yote miwili iko kwenye ambubagi. Oksitosini haijavutwa ndani ya bomba. Dakika kumi zinapita. Anarudi kwa mama, anakuta kitovu kinaning'inia, anakivuta. Mfuko haujajikaza kwa dawa, na dalili za kubanduka hazijaonekana. Hapo ndipo kitovu hukatika, kipande cha kondo hubaki ndani, au mfuko mzima hugeuka na kutoka nje kama soksi iliyopinduliwa. Mama huyo hakusubiriwa na hakutibiwa.

Ushauri wangu ni mmoja: oksitosini ivutwe ndani ya bomba kabla kichwa cha mtoto hakijaonekana. Kama haikuvutwa na msaidizi hayupo, usikiguse kitovu mpaka uichome, hata ikichelewa, au mpaka dalili zote za kubanduka zionekane.

Kwa nini Karagwe na Kyerwa si Bristol

Mwanamke wa Bristol aliyeamua kusubiri alikuwa na damu ya akiba na chumba cha upasuaji ndani ya jengo lile lile. Mwanamke wa Murongo, mpakani na Uganda, au wa Bweranyange, ana milima, barabara za vumbi na masika. Huku Karagwe wengi tunawapeleka hospitali ya Nyakahanga. Kule Kyerwa, iliyomegwa kutoka wilaya hii mwaka 2012, hospitali ya Isingiro ni kimbilio. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, kwa namba 115 isiyo na malipo, umesaidia sana kupata gari, ila gari nalo lina mwendo wake.

Halafu kuna upungufu wa damu. Mama aliyeingia leba na himoglobini ya 7 hana mililita 500 za kupoteza. Kiwango kinachoitwa "kidogo" kitabuni kinaweza kuwa mwisho wake.

Nazungumzia pia dawa za mitishamba za kuharakisha uzazi, zinazotumika pande zote mbili za mto Kagera. Baadhi hukaza mfuko kwa nguvu kuliko mama anavyojua. Tumuulize amekunywa nini, kwa sauti isiyomhukumu, maana tukimkaripia ataficha, nasi tutahudumia tusichokijua.

Upande wa dawa nao una madhaifu yake. Oksitosini inatakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Ikikaa muda mrefu kabatini, kwenye joto, katika kituo ambacho umeme umekatika, nguvu yake hupungua. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA yamesema wazi kwamba oksitosini inaweza kuhifadhiwa pamoja na chanjo kwenye mnyororo baridi. Zahanati yenye jokofu la chanjo haina sababu ya kuiacha oksitosini nje. Kabetosini isiyohitaji jokofu ilijaribiwa kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, zikiwamo Kenya na Uganda, na mwaka 2018 ikaonekana kuizuia damu sawa na oksitosini. Pasipo sindano salama, misoprostoli ya kunywa, mikrogramu 400 au 600, ni bora kuliko mikono mitupu. Mama aambiwe mapema kwamba huenda akatetemeka na kupata homa, asije akadhani anakufa.

Kuipima damu

Macho yetu hudanganya, na mara nyingi hukadiria pungufu. Kigoma, katika utafiti wa Dkt. Godfrey Mbaruku na wenzake uliochapishwa 2005, wakunga wa jadi walifundishwa kupima kwa kanga za ukubwa mmoja, sentimita 100 kwa 155. Kanga mbili zikiloa, damu imepita mililita 500, na mama akapewa misoprostoli. Naupenda utafiti huu kwa sababu ulianzia kwenye kitu ambacho kila mwanamke huenda nacho leba. Leo kuna mfuko wenye alama za mililita unaotandikwa chini ya mama. Utafiti wa 2023 katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliouunganisha na matibabu yote kwa mkupuo mmoja, ulipunguza madhara makubwa kwa asilimia 60. Hospitali zetu ziuagize. Mahali ambapo haujafika, kanga ipo.

Mazungumzo yafanyike kliniki

Mama aliye kitandani, mtoto akitokeza kichwa, hawezi kuchagua chochote. Aelezwe kuanzia miezi saba ya mimba, akiwa na mumewe au mama mkwe ikiwezekana, na jibu lake liandikwe kwenye kadi. Aulizwe pia kuhusu kondo lenyewe. Zipo familia zinazotaka kulizika nyumbani, nasi tumezoea kulitupa shimoni bila kuuliza. Tangu Marburg ilipoingia Kagera mwaka 2023 tahadhari ya damu imekuwa kali, na ni sawa, lakini familia iliyoelezwa sababu huelewa, na iliyopuuzwa huenda ikamzalisha mama nyumbani mara ijayo.

Akichagua kusubiri baada ya kuelezwa, tukubali kama himoglobini yake ni nzuri, hajawahi kutokwa damu nyingi, hana mapacha, uchungu haukuongezwa kwa dripu na hajazaa mara nyingi. Oksitosini iwe imevutwa pembeni. Kitovu kisivutwe. Mtoto awekwe kifuani, chumba kiwe na joto, mama asiachwe peke yake hata dakika moja. Damu ikizidi, au saa moja ikiisha kondo halijatoka, kusubiri kumekwisha: choma sindano, weka dripu, toa mkojo kwa kateta, piga 115, na uandike saa ya kila hatua, ili atakayempokea Nyakahanga au Isingiro ajue aanzie wapi.