Msaada Utukute Tumekwisha Kuungana



Leo twataka kusema juu ya fedha za hisani, maana mara kwa mara twasikia kwamba wakfu wa tajiri fulani umeahidi kuondoa umaskini mashambani. Hatukatai msaada. Lakini twauliza: fedha hizo zikifika kijijini, zitamkuta nani?

Tutazame mfano mmoja. Kaskazini ya Pakistan, katika milima ya Karakoram, mvua ni haba, na shamba halioti kitu bila mfereji wa maji ya theluji na barafu kutoka mlimani. Zamani, katika nchi ya Hunza, mtawala aliyeitwa Mir ndiye aliyewaamuru watu kuchimba mifereji na kuitengeneza. Mwaka 1974 serikali iliuondoa utawala huo. Watu walitoka katika amri ya Mir, lakini kazi ya pamoja ikakosa mtu wa kuiitisha.

Mwaka 1982 Wakfu wa Aga Khan, jina lisilo geni kwetu Afrika ya Mashariki kwa hospitali na shule zake, ulianzisha huko Gilgit shirika la kusaidia vijiji. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Bwana Shoaib Sultan Khan. Wakfu haukumgawia maskini fedha mkononi. Uliligharimia shirika, na serikali za Kanada, Uingereza na Uholanzi nazo zikachangia. Shirika likaajiri wahandisi na wahamasishaji, wakaenda kijiji kwa kijiji.

Masharti yalikuwa wazi. Kwanza, wanakijiji waunde chama chao na kukutana mara kwa mara, mbele ya wote. Pili, kila mwanachama aweke akiba, hata ikiwa ndogo. Tatu, wachague wenyewe kazi moja yenye faida kwa walio wengi, waifanye kwa mikono yao na kuitunza baadaye. Hapo ndipo shirika lilipotoa fedha za kazi hiyo, kwa mafungu. Vijiji vingi vilichagua mifereji. Vingine barabara na madaraja. Wanawake nao waliunda vyama vyao, wakaweka akiba yao.

Ndugu, hapa pana funzo na pana onyo. Funzo ni kwamba nafasi ya Mir ilishikwa na mkutano wa wanakijiji, si na hisani ya tajiri. Onyo ni hili: mwenye kutoa fedha ana sauti, naye aweza kuzikata apendapo. Hakuna kura ya kumwondoa mfadhili. Kijiji kisicho na chama, akiba wala daftari la hesabu kitabaki kungojea gari la mgeni barabarani.

Basi kabla ya kuandika barua ya kuomba, tuitishe mkutano. Tuulizane twataka nini, tumeweka kiasi gani, na nani ataitunza kazi wafadhili wakisha kwenda zao. Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msaada nao ni mgeni. Tuupe jembe, tulime pamoja nao, lakini shamba ni letu.