Nyumba ya Mawe ya Mbogani na Watu wa Shamba Lake



Usharika unapotimiza miaka mia moja, swali la majengo ya kale haliepukiki. Hapa Nyasubi swali hilo lina uzito wa pekee. Tangu mgodi wa Bulyanhulu ulipofunguliwa mwaka 2001 na ule wa Buzwagi mwaka 2009, Kahama imejengwa kwa haraka mno, na hata Buzwagi ilipofungwa mwaka 2021 ujenzi haukukoma. Ukuta wa udongo uliolindwa na vizazi vitatu huangushwa asubuhi moja, na jioni matofali ya saruji yamekwisha kupangwa mahali pake. Kwa hiyo yafaa kuitazama nyumba moja ya shamba ambayo haikuangushwa, na kuuliza ni nini hasa kilichohifadhiwa ndani yake.

Nyumba hiyo iko chini ya vilima vya Ngong, karibu na Nairobi. Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi Mswidi, Åke Sjögren, nayo iliitwa Mbogani. Mwaka 1917 ikawa makao ya Karen Blixen, mwanamke wa Kidenmarki aliyelima kahawa huko hadi mwaka 1931, na ambaye baadaye alipata sifa duniani kwa vitabu vyake.

Ni nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, ya namna ambayo Waingereza waliizoea kwanza huko India. Kuta zake ni za mawe ya kijivu, paa lake la vigae, vyumba vyake vipana, na baraza zake zina kivuli kirefu. Eneo la Nairobi limebarikiwa kuwa na mawe yaliyotokana na volkano, ambayo mwashi huweza kuyachonga kwa patasi na nyundo yakawa na pembe sawasawa. Itale ya Usukuma haina upole huo. Humchosha fundi kabla hajapata pembe ya kwanza. Ndiyo maana wazee wa huku walijenga kwa miti, udongo na nyasi, na Unyanyembe wakajenga tembe, kama ile ya Kwihara karibu na Tabora alimokaa Livingstone mwaka 1872. Aonaye katika hilo upungufu wa akili hajawahi kushika nyundo.

Ndani ya nyumba ya Mbogani kuta zimefunikwa kwa mbao, na kuna mahali pa kuotea moto, kwa kuwa usiku wa Ngong ni wa baridi. Jiko halimo ndani. Lilijengwa kando, ili moshi na hatari ya moto vikae mbali na vyumba vya bwana na bibi. Humo alifanya kazi Kamante Gatura, Mkikuyu ambaye utotoni alitibiwa vidonda vya miguu katika hospitali ya misheni ya Waskoti, akarudi shambani akiwa Mkristo. Hakujua kusoma, kila pishi alilifuata kwa kumbukumbu, na wageni wakubwa wa koloni walikula wakasifu. Chakula kilichoifanya nyumba hiyo ijulikane kwa ukarimu kilitoka katika kijengo hicho kidogo.

Nje palikuwa na jiwe la kinu lililogeuzwa kuwa meza. Hapo ndipo Bibi Blixen alipoketi kuzungumza na watu wa shamba. Aliandika kwamba mawe ya kinu hicho yaliletwa kutoka Bombay, eti mawe ya Afrika hayakuwa magumu ya kutosha kusaga. Akina mama wa Usukuma, waliosaga mtama juu ya itale tangu enzi, wangalicheka sana.

Lakini ardhi yenyewe ilikuwa ya nani? Familia zaidi ya mia moja za Wakikuyu ziliishi katika shamba hilo kwa masharti ya kulifanyia kazi, juu ya ardhi ambayo sheria ya koloni haikuitambua kuwa yao. Kahawa haikustawi vizuri katika mwinuko ule, madeni yakazidi, shamba likauzwa ili ligawanywe viwanja. Familia hizo zikatakiwa kuondoka. Ombi lao halikuwa fedha. Walitaka wahamishwe pamoja, wasitawanywe. Bibi Blixen alizunguka ofisi za serikali kwa ajili yao hadi wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Kisha naye akaondoka, mwaka 1931, bila shamba.

Nyumba ilibaki. Mwaka 1964 Denmark iliitoa zawadi kwa Kenya huru, pakaanzishwa chuo cha lishe katika uwanja wake; mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Jina la Karen limebaki kwa mtaa mzima. Anayeitembelea leo huonyeshwa kwanza sebule, vitabu na samani. Jiko la Kamante lipo nyuma.