UFADHILI WA CHUO KIKUU: KABLA YA KUSHANGILIA, SOMA BARUA MPAKA MWISHO

Mazungumzo ya mjumbe wa elimu wa Kamati ya Jumuiya mbele ya vijana waliomaliza sekondari, wazazi wao na wageni wa mashirika, kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, Malawi. Yanachapishwa katika toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani kwa maombi ya waliokuwapo.



Nimeombwa nizungumze juu ya aina za misaada ya masomo ya chuo kikuu kwa mwanafunzi anayesoma katika nchi isiyo yake. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini. Aina zote sitazimaliza, na zile ambazo hazituhusu nitazipita haraka. Nitakaa zaidi pale ambapo watu wetu huumia.

Sisi tuliotoka Uvira na Bukavu tumezoea kusema bursi. Wenyeji wetu wanasema skolashipu. Wengine wanasema tu "amepata kwenda kusoma". Maneno haya yote tunayatumia kama kwamba kitu ni kimoja, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Nitawasimulia la kwangu.

Mwaka 2011 nilipata barua kutoka chuo kimoja cha ng'ambo, ambacho sina haja ya kukitaja. Mstari wa kwanza ulinipongeza, wa pili ukasema nimechaguliwa kupata skolashipu ya dola 5,000 kwa mwaka. Habari ilienea mtaa mzima kabla jua halijatua. Mama alipika wali siku ambayo haikuwa sikukuu. Dola 5,000! Hakuna kati yetu aliyewahi kuzishika hata dola 500. Ukurasa wa pili tuliusoma usiku, kwa tochi, na tuliusoma vibaya. Ulisema ada ya mwaka ni dola 17,000, chumba na chakula ni mbali, na anayetaka kushika nafasi alipe dola 300 katika siku 30, fedha ambazo hazirudishwi. Sisi tuliona zile 300 tu. Mama aliuza cherehani yake, mjomba akaongeza, tukatuma.

Baadaye ndipo nilipokaa na karatasi na kalamu. Kumi na saba toa tano ni kumi na mbili. Dola 12,000 kila mwaka, kwa miaka minne, kabla ya chakula. Sikwenda. Cherehani haikurudi, na mama alishona nguo za watu kwa mkono muda mrefu.

Chuo kile hakikutudanganya. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Lilikuwa ni punguzo la bei, kama vile muuza duka anavyokupunguzia, nasi tukalisoma kama zawadi. Basi hiyo ndiyo aina ya kwanza, nayo ndiyo nyingi kuliko zote duniani: ufadhili wa sehemu. Vyuo vingi vinavyotegemea ada huutoa ili kuvuta wanafunzi, hasa wenye alama nzuri. Kwa mtoto ambaye baba yake anaweza kulipa iliyobaki ni jambo jema. Kwetu sisi, swali la kwanza liwe: hawalipi nini?

Ufadhili kamili hulipa ada, chumba, chakula, vitabu, bima ya afya, na mara nyingi tiketi ya ndege. Hata hapo angalieni. Upo unaolipa ada na posho lakini viza na nauli ya kufika ubalozini ni juu yako. Upo wa mwaka mmoja unaorudiwa tu ukipata alama fulani, na mwaka wa kwanza ugenini, katika lugha nyingine, si rahisi kwa mtu ye yote. Mfano wa ufadhili mpana ni ule wa serikali ya Uturuki: hulipa ada, bweni, posho, tiketi, na mwaka mzima wa kujifunza Kituruki kabla ya masomo. Kwa shahada ya kwanza, lakini, mwombaji awe hajafikia miaka 21. Hapa kambini, kwa sababu ya njia tuliyopita, wangapi wanamaliza Form Four kabla ya 21? Wengi mlango huo umefungwa kabla hawajaufikia.

Ipo aina nyingine inayowachanganya vijana: nchi ambazo vyuo vyake havidai ada. Ujerumani ndiyo inayotajwa sana. Ni kweli kwamba vyuo vikuu vingi vya umma huko havitozi ada hata kwa wageni, ingawa jimbo la Baden-Württemberg tangu mwaka 2017 hutoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini kutotozwa ada hakumaanishi kwamba chakula kipo. Ili upewe viza sharti uonyeshe fedha za kuishi mwaka mmoja, na tangu mwaka 2024 kiasi kilichowekwa ni euro 11,904, zikae katika akaunti maalum ambayo utachota kidogo kila mwezi. Mtu akikuambia Ujerumani ni bure, mwulize kama amesikia habari za akaunti hiyo. Wakala mmoja aliyepita mitaani kwetu hakuwa amesikia, au alijifanya hivyo.

Marekani wana utaratibu wa kutoa msaada kwa kipimo cha shida. Familia hujaza fomu ndefu ya mapato, na chuo hukadiria inaweza kulipa kiasi gani. Vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, humchagua mwanafunzi hata wa kigeni bila kuangalia kama ana fedha, kisha humjazia pengo lote. Vyuo vingi vingine huangalia fedha wakati wa kuchagua, na mwenye shida kubwa huwa na nafasi ndogo. Kuingia vyuo vile vya kwanza ni kama kupita tundu la sindano, lakini kujaribu kusiwatie hofu kwa sababu ya ada ya maombi. Mwenye shida huweza kuomba asamehewe ada hiyo, na barua ya mwalimu wa shule husaidia. Jambo moja kwa Warundi waliopo hapa: mwezi Juni 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi. Kabla ya kutumia muda na fedha, ulizeni kwanza agizo hilo limefikia wapi.

Mikopo nitaipita haraka. Mikopo ya serikali karibu kila mahali ni ya raia na wakaaji wa kudumu. Kuhusu kufanya kazi huku unasoma: Marekani mwanafunzi wa kigeni huruhusiwa saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa masomo, na Ujerumani siku 140 kamili kwa mwaka. Fedha hizo hununua chakula na sabuni. Asikudanganye mtu kwamba zitalipa ada.

Sasa niende kwenye milango iliyotengenezwa kwa ajili yetu.

Wa kwanza ni DAFI. Ulianzishwa mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani, unasimamiwa na UNHCR, na tangu wakati huo umesomesha wakimbizi zaidi ya 20,000. Ni kwa shahada ya kwanza, na kwa kawaida unasoma katika nchi ile ile iliyokupa hifadhi. Unalipa ada, vitabu, chakula, usafiri na makazi. Nafasi hutegemea fedha za mwaka, na mwaka mwingine ni chache sana. Ili uingie chuo kikuu hapa Malawi unahitaji kredi sita katika MSCE, Kiingereza kikiwemo. Vijana wetu wengi huanguka hapo kwenye Kiingereza, wala si kwenye hesabu. Ninyi mliokuja na cheti cha Exetat cha Kongo au A2 ya Burundi, kiulizeni chuo mapema kinataka cheti hicho kilinganishwe namna gani. Kazi hiyo haimalizwi kwa wiki moja.

Wa pili ni mpango wa WUSC wa Kanada, ulioanza mwaka 1978, na hapa kambini mnaufahamu. Huu una jambo ambalo mingine mingi haina. Kijana anayechaguliwa huingia Kanada kama mkaaji wa kudumu. Wanafunzi wenzake wa chuo kile, ambao hawamjui, huchangia fedha kidogo kidogo katika karo zao ili yeye aishi mwaka wa kwanza, na vyuo vingine huendelea baada ya hapo. Kwa kuwa ana ukaaji wa kudumu, anaweza kuomba mikopo na misaada ya serikali kama mtoto wa pale. Masomo yakiisha hakuna anayemwambia rudi ulikotoka. Wazazi wanaouliza kwa nini mpango huu unagombaniwa, jibu ni hilo. Tena kuomba ni bure. Mtu akikudai hata kwacha moja kwa ajili ya fomu hiyo, njoo utuambie.

Kwa wenye shahada ya kwanza, ambao sasa si haba hapa, ipo njia ya vyuo vikuu vya Italia inayoitwa UNICORE, iliyoanza mwaka 2019 kwa wanafunzi wakimbizi waliokuwa Ethiopia, kwa shahada ya pili. Orodha ya nchi hubadilika kila tangazo, kwa hiyo someni tangazo la mwaka huo, msitegemee la jirani. Na lipo jambo ambalo wengi hawalijui: ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa kusoma Uingereza haumtaki raia peke yake. Unampokea pia mtu aliyepewa hadhi ya ukimbizi na nchi ya Jumuiya hiyo iliyo katika orodha yao, na Malawi imo. Nimewaona watu wenye sifa wakiupita kwa kudhani ni wa wenyeji tu. Ule wa Chevening, nao wa Uingereza, una sharti la kurudi katika nchi ya uraia wako kwa miaka miwili. Kwa mtu aliyeikimbia nchi hiyo, sharti kama hilo ni la kuulizia kwa maandishi kabla ya kujaza cho chote.

Wapo pia wanaosoma bila kuondoka. Mwaka 2010 masomo ya diploma kwa njia ya kompyuta, chini ya Wajesuiti, yalianza hapa Dzaleka na Kakuma nchini Kenya, na chuo kikuu cha Regis cha Denver ndicho kilichotoa vyeti. Mimi ni mmoja wa waliopita huko baada ya ile habari ya cherehani. Wengine walitudharau wakisema ni chuo cha waya. Cheti changu kilinipa darasa la kufundisha.

Wageni wetu wa mashirika, sasa nazungumza nanyi kwa heshima. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 22, unataja wazi kutambuliwa kwa vyeti vya nje, msamaha wa karo na utoaji wa misaada ya masomo. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 ilieleza kwamba inakichukua kifungu hicho, pamoja na vingine kadhaa, kama pendekezo tu, siyo sharti linaloifunga. Hilo ni la serikali, na sisi ni wageni hapa. Lakini yapo ambayo ni ya ofisi. Karibu kila ufadhili niliouzungumzia unamtaka mtu aliyekwisha kupewa hadhi ya ukimbizi. Wapo vijana hapa ambao wameingia Standard One na wametoka Form Four wakiwa bado wanaitwa waomba hifadhi. Na anayefanikiwa hudaiwa hati ya kusafiria. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na barua ya ufadhili kamili, ada hata tiketi. Barua ya kuthibitisha hadhi yake ilitoka ofisini siku kumi na moja baada ya chuo kufunga kupokea. Alikuja nayo darasani, akaniuliza aiweke wapi. UNHCR ina lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe katika elimu ya juu. Tunaomba, katika njia ya kulifikia lengo hilo, tarehe ya mwisho iliyo kwenye barua ya kijana iangaliwe wakati faili lake linapopangwa katika foleni.

Namalizia na la juzi. Binti mmoja, yupo hapa ameketi na mama yake, aliniletea barua. Mstari wa kwanza unampongeza. Tuliketi tukaisoma yote, kurasa nne, huku yeye akiandika katika daftari, upande mmoja wanacholipa, upande wa pili wasicholipa. Upande wa pili ulijaa. Wanataka dola 250 kabla ya Ijumaa. Mama yake aliniuliza kama auze kiwanja cha duka. Nilimwambia kwanza tuwaandikie chuo maswali mawili: kama kuna msaada zaidi kwa mwenye hadhi ya ukimbizi, na kama malipo hayo yanaweza kusamehewa au kusubiri. Barua imekwenda jana. Jibu bado, na kiwanja hakijauzwa.

Kuanzia wiki ijayo nitakuwa katika chumba cha Kamati kila Jumanne na Alhamisi baada ya saa tisa. Leteni barua nzima, siyo ukurasa wa kwanza peke yake, pamoja na vyeti vyenu na karatasi ya hadhi. Asiyejua Kiingereza aje na mtoto wake, na mtoto asiyetaka mzazi ajue gharama, huyo aje na mzazi kwanza. Daftari na kalamu zipo.