Pikipiki ya Chama na Katibu Anayejifunza



Chama kinunuapo pikipiki, ufunguo aghalabu hukabidhiwa katibu. Naye huona haya kukiri kwamba hajui kuiendesha, au kwamba aliiacha miaka kumi iliyopita. Haya hiyo naiogopa kuliko malori yapitayo hapa Soweto kuelekea Tunduma.

Basi mwanafunzi asianzie barabara kuu. Aanzie uwanja mtupu, ajizoeze kuachia klachi taratibu na kwenda polepole bila kuweka mguu chini. Kisha breki. Wengi wameambiwa kwamba breki ya mbele huangusha. Kumbe ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa wakati wa kusimama uzito huelemea gurudumu la mbele. Ishikwe kidogo kidogo, pamoja na ya nyuma, pikipiki ikiwa imenyooka. Penye changarawe au tope, kwa uangalifu zaidi. Mteremkoni atumie gia ndogo, wala asizime injini eti abane mafuta.

Kofia ngumu isiyofungwa kidevuni si kofia. Leseni ya gari nayo haitoshi, maana pikipiki ina daraja lake, A. Na katibu aliyeanza jana asipakie abiria, hata akiwa ni Mwenyekiti.