Habari za afya mu chumba cha kusomea

Maneno ya komite ya afya na masomo mbele ya mkutano wa wanachama, Lubumbashi

 

Mu mkutano uliopita mulitupa kazi. Mulituomba tuangalie namna ya kutumia pesa ya kisanduku ya mwaka huu kwa mambo ya afya. Kulikuwa mawazo mawili. La kwanza, kugawia kila familia pesa ya mega, watu watafute habari za afya mu simu zao. La pili, kufungua maktaba ndogo humu ndani, mu chumba hiki cha mikutano. Tulitembea, tuliuliza, tulisoma. Leo tunaleta jibu letu, kisha nyinyi njo mutakata neno.

Tuanze na sisi wenyewe. Chama hiki ni cha watu waliorudi. Wako kati yetu waliokaa miaka mingi Meheba, Kala na Mwange. Wako waliokimbia vita ya 2017, wakafika Mantapala, halafu wakarudi kupitia Pweto kuanzia Desemba 2021, wakati HCR ilianza kusaidia safari za kurudi. Kila mtu alirudi na mzigo wake na luga yake. Mama anasikia Kiswahili na Kibemba. Mtoto alisoma shule ya Zambia, anasoma Kiingereza. Karatasi ya munganga inaandikwa mu Kifaransa. Hata kama nyumba iko na luga tatu ama ine, karatasi inayosema dawa inanywewa mara ngapi inabaki juu ya meza, na hakuna mtu wa kuisoma mpaka mwisho.

Juu ya ile, watu wanaendaga kwa simu. Wote tulishapata zile sauti za WhatsApp: ndimu inaponyesha tansio, acha vidonge, majani fulani yanamaliza sukari, usirudi ospitali. Hatusemi kama watu ni wajinga. Sauti ile inafika bule, mu luga ya mtu, saa ya usiku wakati roho inaogopa. Habari ya kweli inafika mu Kifaransa, mchana, na mara mingi inaomba pesa ya taksibisi. Tukitaka ya kweli isikilizwe, lazima nayo ifike bule na mu luga ya mtu.

Chukueni mfano wa kolera. Wa upande wa Pweto na Kilwa tunaijua, kando ya ziwa Mweru inarudiaga-rudiaga. Maji ya kusaidia mgonjwa ni haya: litre moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Munamunywesha kidogo kidogo palepale, huku munamupeleka kituo cha matibabu, bila kungoja. Mu sauti ya simu, kijiko kidogo kinaweza kugeuka kijiko kikubwa, na chumvi mingi inaumiza mtoto. Karatasi yenye picha ya kijiko haibadiliki.

Sasa, kwa nini tusigawe mega? Sababu ni tatu. Ya kwanza, mega inaisha. Siku ya tano familia iko palepale ilipokuwa. Ya pili, tuseme ukweli, mega ya nyumba inaendaga kwa video za watoto na kwa michezo ya kubashiri mipira, na vijana wetu wanalala saa nane ya usiku. Ya tatu njo inatusumbua zaidi: simu ya nyumba ni ya watu wote. Binti anayetaka kusoma juu ya mimba, baba anayetaka kujua juu ya sida, mjane asiyelala tangu 2017, hawawezi kutafuta neno lile mu simu ambayo shemeji ataifungua kesho. Wanahitaji fasi ambayo mtu anaweza kusoma bila kuulizwa.

Fasi kama zile ziko, na zingine zilifanywa kwa watu kama sisi. Mu 2014, shirika la Ufaransa linaloitwa Bibliothèques Sans Frontières, pamoja na HCR, lilipeleka Ideas Box ya kwanza mu kambi za wakimbizi za Burundi, na wakimbizi wale walikuwa Wakongomani. Ni maktaba ya masanduku. Yote inabebwa juu ya paleti mbili, inafunguliwa chini ya dakika 20, inakuwa chumba cha metre karibu 100 za mraba, na vitabu, kompyuta, tableti na sinema. Kenya nayo, maktaba za serikali za Buruburu na Eldoret zilifungua pembe za habari za afya, na kazi ya mtu wa maktaba ni kuonyesha watu fasi ya kutafuta. Hawi munganga, hapimi mtu, hatoi dawa.

Juu ya mambo ya roho na mawazo, mfano uko Uganda. Mu Rhino Camp, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walikusanyika mu vikundi, wakasikiliza vipindi 5 vya sauti vilivyotayarishwa na OMS, na kitabu cha michoro mkononi. Waliosimamia vikundi hawakuwa waganga wa akili, walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa. Utafiti uliotolewa mu 2020 ulionyesha kama miezi 3 baadaye, masumbuko ya roho yalikuwa yamepungua kwa waliofuata kuliko kwa wengine. Kitabu kile cha michoro OMS inakitoa bule mu luga mingi, Kifaransa na Kiingereza ndani yake.

Na hapa Lubumbashi? Institut français iko na mediateki yake kwa Halle de l'Étoile, na universite, UNILU, iko na maktaba ya wanafunzi wake. Tunawaambia vijana wanaosoma Kifaransa: muende mjini, musiogope mlango. Lakini mama wa Katuba anayesikia Kibemba na Kiswahili hatapata pale karatasi ya luga yake. Kazi ile inabaki kwetu.

Tunaomba tuanze na mambo machache. Tununue kompyuta moja ya kuokota kila kitu, na kisanduku kidogo kinachotoa wifi humu ndani tu, bila intaneti. Ndani yake tutaweka Kiwix, programu ya bule iliyoanza 2007, inayobeba Wikipedia nzima bila mtandao: ya Kiswahili, ya Kifaransa, ya Kiingereza, na ile ya mambo ya afya peke yake mu Kifaransa. Mtu anaingia na simu yake, anasoma, mega yake haiguswi. Tutaweka pia kitabu cha Mahali Pasipo na Daktari, mu Kiswahili, cha karatasi na cha ndani ya simu. Wengi waliokaa kambini wanakijua.

Kisha tuandike karatasi zetu wenyewe. Kiswahili cha Dar es Salaam tunakisikia, lakini hakifanani na chetu. Kitabu kinasema shinikizo la damu, sisi tunasema tansio. Msiseme kama luga yetu haiandikwi. Mu 1965, André Yav aliandika historia ya mji huu, Vocabulaire de ville de Elisabethville, mu Kiswahili cha hapa hapa, kwa jina la watu waliofanya kazi za nyumba kwa Wazungu. Kama walikiandikia historia, sisi tunaweza kukiandikia namna ya kunywa dawa. Kila karatasi itapita kwanza mbele ya mwuguzi mbele ya kutoka.

Mutatuuliza: na wasiosoma? Kila jumamosi tutasoma kwa sauti, saa moja Kiswahili, saa moja Kibemba. Sauti zile tutazirekodi na kuzituma mu makundi yale yale ya WhatsApp ambayo ile habari ya ndimu ilipitia. Na wasioona? Simu mingi za Android ziko na TalkBack, sauti inayosomea mtu kilicho mbele yake, ya Kifaransa na ya Kiingereza. Tutafundisha namna ya kuifungua. Kwa wenye magongo, chumba kiko chini, hakuna ngazi.

Na ulinzi? Tunaomba sheria tatu ziandikwe mlangoni. Hakuna mtu atakayeulizwa alisoma nini. Hakuna mtu atakayeuza dawa humu ndani, hata mwanachama. Mwenye dalili kubwa, homa ya mtoto, damu, kifafa, pumzi fupi, anapelekwa kituo cha afya kwanza, kusoma ni baadaye. Kwa vijana tunaongeza moja: saa za jioni wifi inazimwa, mukalale.

Hesabu iko kwenye karatasi ya kiongozi wa kila kikundi. Mutaona kama bei kubwa ni ya kompyuta na ya betri kwa siku umeme unakatika. Kazi ya kukaa chumbani tutaifanya kwa zamu, kama tunavyofanyaga likelemba: kila mtu na siku yake, asiyekuja anatafuta mwenzake. Tunatafuta watu wawili wanaosikia Kibemba vizuri, na mmoja anayesoma Kifaransa cha munganga. Vijana waliosoma Zambia, tunawaangalia nyinyi: Kiingereza chenu hapa kiko na kazi.

Wanaokubali maktaba wainue mkono. Wanaotaka mega nao wainue baadaye, na tutaandika hesabu zote mbili. Kura ikiwa ya mega, tutagawa mega. Lakini karatasi ya kijiko cha chumvi tutaitoa kwa njia yoyote, na kila mmoja ataondoka nayo leo mlangoni.